Mwalimu Dorkas Ana Neno

Faustina alifariki Jumanne alfajiri, na jua lilipoanza kugusa vilele vya milima Mwalimu Dorkas alikuwa ameshapiga pasi gauni lake jeusi. Aliweka simu yake ya zamani kwenye chaji ya sola, akatoa daftari lake sandukuni, akaketi mezani kulipitia taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kama enzi zile alipokuwa akijiandaa kwa kipindi cha kwanza. Miaka mitatu alikuwa akingoja msiba uingie kwenye mji wa Zebedayo. Sasa ulikuwa umeingia.

Faustina alikuwa mama mzazi wa Zebedayo. Alikuwa pia rafiki wa Dorkas kwa miaka zaidi ya thelathini, mwenzake wa kwaya ya akina mama, mwenzake wa kuchambua maharage ya makande ya sikukuu. Dorkas aliyajua yote hayo, na bado alikuwa akiungoja msiba huo. Kila alipomsikia Faustina akikohoa kanisani alihesabu miezi, kisha akapiga magoti na kumwomba Mungu amsamehe, na Jumapili iliyofuata akahesabu tena. Chuki ikikaa ndani ya mtu mwenye adabu haipigi kelele. Inakaa vizuri, inavaa gauni la pasi, inaitikia sala.

Kwa nini msiba, wala si siku nyingine yoyote? Kwa sababu katika kijiji chao, huku juu ya Same kwenye njia ya kwenda msitu wa Chome, kaburi halichimbwi kabla ya kuulizwa swali. Mkuu wa msaragambo, yule anayewaita watu kwenye kazi za pamoja, iwe kuzibua mfereji, kusafisha ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, kutengeneza barabara au kuchimba kaburi, husimama mbele ya waombolezaji akauliza mara tatu kama kuna mwenye neno na mji huo. Mwenye neno husema. Wazee husikiliza, huamua, na jembe haliingii ardhini mpaka uamuzi utimizwe. Siku nyingine zote mtu mwenye gari na shamba kubwa la tangawizi anaweza kukukwepa. Mbele ya jeneza la mama yake hakwepi.

Watu wa tambarare wanatucheka kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Wacha wacheke. Dorkas hakuwa na kesi ya kuku.

Miaka mitatu nyuma, mumewe Eliufoo alipanda mparachichi nyuma ya nyumba asubuhi na mapema, tawi likakatika, akaangukia ubavu juu ya jiwe. Hakutoka damu hata tone. Alikaa akisema maumivu yatapoa, lakini uso wake ulikuwa unageuka rangi, na alipojaribu kusimama miguu ikamkataa. Basi la kwenda Same lilikuwa limeshateremka. Kijana wa bodaboda alipomtazama akasema mzee huyu hawezi kukaa kwenye pikipiki, atamfia mgongoni. Gari lililobaki kijijini lilikuwa moja, pikapu ya Zebedayo.

Dorkas akampigia, simu ikaita mpaka ikakata. Akamwandikia ujumbe kwamba Baba ameanguka, ana hali mbaya, njoo na gari. Ilikuwa saa moja kamili. Dakika tano baadaye jibu likaja kwa Kiingereza, maana Zebedayo alikuwa amesoma kwa Dorkas na alipenda kumwonyesha kwamba hajasahau. Liliandikwa: Soon, Madam.

Wakati huo huo wanaume wa msaragambo walikuwa wameshafika na machela. Walikuwa wanane, wa kupokezana, na kwa njia ya mkato kupitia korongoni wangefika hospitali ya bondeni kabla ya saa nne. Walikuwa wameshamlaza Eliufoo na kumfunga kwa khanga mbili, wameshaiinua machela mabegani. Dorkas akawaonyesha simu. "Iwekeni chini," akawaambia. "Gari linakuja." Wakaiweka chini. Mwalimu amesema, nani angebisha?

Saa tatu kasorobo aliandika tena, akajibiwa: Soon. Saa tano na nusu Zebedayo akaandika mwenyewe, bila kuulizwa: Coming soon, Madam, sorry. Pikapu ilifika saa sita mchana, bodi yake ikiwa na udongo wa viroba vya tangawizi vilivyotoka kushushwa kwa mnunuzi. Eliufoo alikata roho kwenye kona ya tatu, kabla hawajaiona lami. Daktari alisema damu ilikuwa inavujia ndani, na kwamba angefika masaa mawili mapema angekuwa na nafasi. Kurudisha maiti kijijini, gari la Zebedayo lilipatikana papo hapo. Aliliosha, akatandika shuka jeupe.

Jambo hilo la shuka jeupe ndilo lililomkaa Dorkas kooni zaidi ya mengine yote.

Basi kuanzia hapo, Zebedayo akisema "Shikamoo, Mwalimu," anaitikiwa "Marahaba," na hakuna kinachofuata. Jumbe zile tatu Dorkas hakuzifuta. Simu ikapasuka kioo, akakataa kuibadilisha. Usiku hakulala vizuri, na mchana aliutumia kulichimba lile neno, kwa sababu yeye ndiye aliyelitia mdomoni mwa Zebedayo, darasa la tano, kipindi cha vielezi vya wakati. Alikumbuka hata alivyofundisha. Alichora mstari mrefu ubaoni. Mwanzo wa mstari akaandika now. Mwisho kabisa, kwenye upande wa dirisha, akaandika later. Na soon akaliweka pale pale ubavuni mwa now, umbali wa kiganja kimoja. "Mtu akisema soon," aliwaambia, "ameshavaa viatu." Zebedayo alipata kumi kwa kumi.

Sasa alitaka kujua neno hili lina nini. Alisafiri mpaka kwenye maktaba ya chuo kimoja alikokuwa na mtu anayemfahamu, akafunua kamusi nene za Kiingereza, zile zinazoeleza neno limezaliwa wapi na limepita kwa nani. Alinakili kwenye daftari. Alichokikuta kilimfanya asome ukurasa ule ule tena na tena mpaka mtunza maktaba akamwuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amepata kesi yake.

Alhamisi asubuhi, saa tatu, uwanja wa mji wa Zebedayo ulikuwa umejaa. Jeneza la Faustina lilikuwa sebuleni, wanawake wamelizunguka wakiimba. Nje, wanaume walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, majembe na sururu vimeegemezwa kwenye migomba. Mchungaji alikuwa amekaa kando, Biblia mapajani, maana alijua utaratibu na alijua si zamu yake bado. Zebedayo alisimama mlangoni kwa suti nyeusi, macho mekundu. Alimpenda mama yake, hilo hakuna aliyelitilia shaka.

Mzee Simeoni, mkuu wa msaragambo, akasimama.

"Mwenye neno na mji huu aseme."

Wanaume wakaangaliana.

"Mwenye neno na mji huu aseme. Jembe likishaingia ardhini, mdomo umefungwa."

Mtu akakohoa. Zebedayo akaanza kuvua koti, tayari kwenda kuonyesha mahali pa kuchimba.

"Mara ya tatu. Mwenye neno."

"Mimi nina neno," alisema Mwalimu Dorkas.

Mabenchi yakageuka. Aliyekuwa anachochea moto wa chai akauacha. Kina mama wakajipanga dirishani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anaondoka akazima injini akashuka. Huku hakuna anayeikimbia kesi, hata awe na ng'ombe wa kwenda kumkamua.

Dorkas alisimama katikati ya uwanja, daftari kwapani, simu mkononi. Aliwaamkia wazee, akampa pole mfiwa mbele ya watu wote, kisha akaeleza. Alieleza mparachichi, jiwe, saa moja kamili. Alisoma ujumbe wa kwanza, wa pili na wa tatu, kila mmoja na saa yake, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea majina ya waliofaulu. Alimpa Mzee Simeoni simu aione kwa macho yake, ingawa Mzee Simeoni hakuwa na miwani. Kuhusu machela hakusema kitu. Alipofika sehemu hiyo aliruka kama mtu anayeruka dimbwi la maji, na macho yake yakakutana na ya Mzee Simeoni, ambaye siku ile ndiye aliyeshika mbele. Mzee akatazama viatu vyake.

"Zebedayo," akaita Mzee Simeoni, "ni kweli uliandika haya?"

"Ni kweli, Mzee."

"Kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napakia tangawizi. Mnunuzi alikuwa anangoja Same. Nilidhani Baba ameteguka tu."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

Watu wakaguna. Hapo Mzee Iddi, jirani ambaye shamba lake linapakana na la Zebedayo na ambaye huwa haachi kesi ipite bila kuichungulia chini ya sketi, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Sisi wengine hatukufika kwenye hicho Kiingereza. Hilo suun maana yake ni nini hasa? Isije ikawa kijana ana haki yake humo ndani na sisi tunamhukumu kwa Kiswahili."

Dorkas alikuwa amelingoja swali hilo miaka mitatu. Akafungua daftari, ingawa alikuwa akilijua lote kwa moyo.

"Ahsante, Mzee Iddi. Neno hili ni la zamani kuliko kanisa letu, na kuliko wamisionari walioanza kulijenga. Miaka elfu moja iliyopita Waingereza walilitamka sona, na maana yake ilikuwa moja tu, papo hapo. Siyo kesho, siyo baadaye kidogo. Mtu akiitwa akajibu sona, mguu ulikuwa umeshanyanyuka."

"Basi kijana hana haki," akasema Mzee Iddi.

"Ngoja nimalize. Leo ukifungua kamusi utakuta maana yake ni baada ya muda mfupi. Sasa nani alilibadilisha? Hakuna mfalme aliyetoa amri. Hakuna mwalimu aliyelifuta ubaoni. Lilibadilishwa na watu wa kusema na kukaa. Mtu anaitwa, anajibu papo hapo, anakaa. Mke anaita mume, papo hapo, anakaa. Mgonjwa anaita, papo hapo, anakaa. Miaka mia mbili, mia tatu. Waliokuwa wanangoja wakaacha kuamini, na neno likashuka thamani. Na siyo hilo peke yake. Wana neno presently, nalo lilikuwa papo hapo, wakalikalia mpaka likawa baadaye. Wana anon, hivyo hivyo. Kila neno la kuharakisha walilolitunga, wavivu walilikalia mpaka likafa."

Mwanamke mmoja dirishani akasema, "Hata 'sasa hivi' ya fundi wangu wa paa ina mwezi wa nne." Watu wakacheka kidogo, wakakumbuka msiba, wakanyamaza.

"Ndiyo hiyo," alisema Dorkas. "Maneno haya yana watu waliokufa ndani yake, wazee wangu. Watu waliokuwa wamelala wakingoja, huku wakiambiwa wanakuja kuchukuliwa. Mmoja wao ni Eliufoo."

Hata waliokuwa wakiimba ndani wakasogea mlangoni kusikiliza.

Zebedayo hakuwa mjinga. Huyo alikuwa mwanafunzi wake. Akasogea mbele hatua moja. "Wazee, Mwalimu mwenyewe amesema, siku hizi neno lina maana ya baadaye kidogo. Mimi niliandika kwa maana ya siku hizi."

Mzee Iddi akaitikia kwa kichwa, akaona kwamba hoja ina miguu. Wengine wakamtazama Dorkas.

"Zebedayo," alisema, na sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Maana ya siku hizi uliipata kwa nani? Kiingereza chako chote ulifundishwa na mimi. Nilikuchorea mstari. Nilikuambia anayesema soon ameshavaa viatu. Ukapata kumi, nikakupigia makofi mbele ya darasa. Uliponiandikia siku ile hukumwandikia Mwingereza. Ulimwandikia mtu aliyekufundisha maana moja tu ya neno hilo, na ulijua kwamba ataiamini."

Zebedayo akairudisha nyuma hatua ile moja. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ndivyo alivyofundishwa.

"Unataka nini, Mwalimu?" akauliza Mzee Simeoni. "Mbuzi? Ng'ombe? Sema."

"Sitaki mnyama. Eliufoo alingoja masaa matano. Nataka kaburi hili Zebedayo alichimbe peke yake, masaa matano, kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Mtu asishike jembe. Na kila atakapoomba msaada, wanaume mmjibu kwa neno lake."

Agnes, dada mdogo wa marehemu, akatoka mlangoni. "Dorkas, na Faustina amekukosea nini wewe? Ndiye anayelala pale akingoja."

"Faustina hajanikosea," alisema Dorkas. "Na Eliufoo hakumkosea mtu."

Wazee wakaenda nyuma ya migomba. Walikaa huko muda wa kunywa kikombe cha chai. Waliporudi, Mzee Simeoni akatangaza kwamba ombi limekubaliwa, na saa tisa Mwalimu ataulizwa mbele ya wote kama ameridhika. Akisema ameridhika, jambo hili limekufa, halitajwi tena mjini wala kanisani wala shambani. Akisema hajaridhika, wazee watakaa upya na maiti itangoja.

Zebedayo akavua koti na tai, akakunja suruali, akashika sururu.

Ardhi ya pale ina mawe. Nusu saa ya kwanza alichimba kwa hasira, akirusha udongo mbali. Saa ya pili viganja vyake, vilivyozoea usukani, vikachubuka, akafunga leso. Saa sita akasimama akiwa amefika kiunoni, akatazama benchi la wanaume.

"Ndugu zangu, hili jiwe ni kubwa. Njooni mnisaidie kulitoa."

"Suun," wakajibu.

Vijana walicheka mara hiyo ya kwanza. Saa saba aliomba maji, akapewa maji, kwa sababu hukumu haikuhusu maji. Akaomba tena mtu wa lile jiwe. "Suun." Safari hii hakuna aliyecheka. Alilizunguka jiwe lile kwa jembe, kwa vidole, kwa kisigino, mpaka likalegea, akalikumbatia kifuani na kulisukuma juu akiwa anahema.

Dorkas alikuwa amewekewa kiti kando ya udongo. Alifurahi. Tusizunguke, alifurahi mpaka akajifunika mdomo kwa khanga watu wasione. Alimwona mtu yule akitazama jua, kisha akitazama watu, kisha akitazama jua, kama alivyofanya yeye mlangoni siku ile. Alimwona akisikiliza kila hatua akidhani kuna anayekuja. Alijisemea moyoni: hivyo, hivyo hivyo, na bado. Kila mgongo wa Zebedayo ulipoinama alijisikia kama mtu anayekunwa mahali alipowashwa muda mrefu. Aliombea jiwe jingine.

Saa nane ukungu ukaanza kushuka kutoka upande wa kilele cha Shengena, na mawingu nyuma yake. Kule sebuleni kina mama walikuwa wamechoka kuimba, wanasali kwa zamu. Agnes alitoka akatazama mbingu, akamtazama Dorkas, akarudi ndani.

Hapo ndipo Faustina alipomjia mawazoni, bila kuitwa. Eliufoo alipozikwa, Faustina alikuja na mkeka wake, akalala chini kando ya kitanda cha Dorkas mpaka arobaini ilipoisha. Alipika, alifua, alifukuza wageni waliokaa kupita kiasi. Siku moja tu ndiyo aliyomtaja mwanawe. "Yule nimemzaa mimi," alisema, "lakini sikumtuma." Basi. Hakuomba msamaha kwa niaba yake wala hakumtetea. Sasa alikuwa amelala ndani ya mbao, siku ya tatu, na mvua inakuja, na aliyemshikilia asizikwe alikuwa mtu aliyelala naye chumba kimoja siku arobaini.

Mzee Simeoni akaja akasimama kando ya kiti. "Mwalimu, mvua hii ikitukuta kaburi litajaa. Imebaki saa moja. Ukisema, wanaume wataingia, watamaliza kwa dakika kumi."

Dorkas aliangalia saa ya simu, kwenye kioo chake kilichopasuka.

"Bado," alisema.

Mzee hakubishana. Aliketi chini kwenye majani, karibu na miguu yake, akakumbatia magoti. Walikaa hivyo wawili, wakimtazama Zebedayo anavyochimba. Mzee yule hakuwa ametamka neno machela miaka yote mitatu, si kwake, si kwa mkewe, na mbele ya mabenchi asubuhi hii, alipokuwa na nafasi ya kulitamka na kuivunja kesi yote, alitazama viatu vyake. Dorkas alijua hilo. Alitamani mzee aseme. Angesema angemjibu, alikuwa na majibu yake tayari, nusu ya daftari ilikuwa majibu hayo. Lakini mzee alikaa tu, akichuma majani na kuyaacha.

Hakuna kitu kibaya kama mtu anayejua akakunyamazia kwa heshima.

Manyunyu yalianza saa tisa kasorobo. Zebedayo alikuwa haonekani tena, ni koleo tu lililoonekana likitupa udongo juu. Kisha nalo likaacha. Saa tisa kamili Mzee Simeoni akasimama, akajipangusa, akaenda ukingoni akanyoosha mkono. Zebedayo akapanda kwa ngazi ya mti. Shati lake jeupe lilikuwa na rangi ya udongo, na viganja vyake hakuvifunga, aliviacha wazi mbali na mwili. Kaburi lilikuwa na kina kamili. Pembe zake zilikuwa zimenyooka kama daftari la mtoto mwenye bidii.

Akasimama mbele ya Dorkas. "Mwalimu," alisema, na hakuweka Madam, "nilisikia ujumbe wako ukiingia na niliusoma. Ningeweza kushusha viroba. Sikutaka kushusha viroba. Huo ndio ukweli wote."

Watu wote walikuwa wamesimama. Mchungaji alikuwa ameshafungua Biblia, akiikinga kwa mkono isilowe.

"Mwalimu Dorkas," Mzee Simeoni aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi njiani, "umeridhika?"

Miaka mitatu alikuwa ameliandaa jibu hilo. Alikuwa ameliandika hata kwenye daftari, ndiyo, nimeridhika, na chini yake akapiga mstari kwa rula. Alifungua mdomo alitoe. Aliangalia viganja vile, akatafuta ndani yake ile raha ya saa saba, akaikuta imekwisha, na chini yake kulikuwa na kitu ambacho raha ile ilikuwa imekikalia.

"Bado," alisema.

Uwanja ukavuma. Zebedayo akafumba macho. Agnes akasema kwa nguvu kwamba huo sasa ni uchawi.

"Siyo yeye," alisema Dorkas. "Yeye amemaliza. Wazee wangu, kesi niliyoileta asubuhi niliipunguza. Wanaume wanane walikuwa wamekuja na machela. Walikuwa wameshamfunga Eliufoo, wameshamwinua mabegani, na saa nne wangekuwa bondeni. Mimi ndiye niliyewaambia waiweke chini. Waliponitazama mara ya pili, nikawaambia tena. Niliona aibu kwa mume wa mwalimu kubebwa kwa machela mbele ya watu na hali gari limeahidiwa."

Sehemu hiyo ya mwisho hakuwahi kuiandika popote, hata kwenye daftari. Aliisikia kwa mara ya kwanza ikitoka kinywani mwake, kama wengine walivyoisikia.

Hakuna aliyeguna. Aliangalia nyuso moja baada ya nyingine, wale wanane wote walikuwepo, na hakuona hata mmoja aliyeshangaa.

"Tunajua, Mwalimu," alisema Mzee Simeoni. "Tulikuwa tumeishika."

"Basi nihukumuni."

Mzee aliwatazama wazee wenzake. Mzee Iddi, mpenda kesi yule, alitikisa kichwa kwamba yeye hana swali. Mvua ilikuwa inaongezeka, inapiga majani ya migomba.

"Kaburi limeshachimbwa, Mwalimu," alisema Mzee Simeoni. "Tumzike Faustina."

Wanaume wakaingia ndani kulitoa jeneza. Zebedayo alikwenda nao, na kwa viganja vile vilivyochubuka akapewa nafasi ya mbele. Mwalimu Dorkas akabaki amesimama kando ya udongo mbichi, gauni lake la pasi likimlowea mwilini, hana tena mtu wa kumchukia isipokuwa mmoja.